Bei ya Uniti na Bei ya Chungu

Miongoni mwa kauli zinazokubalika bila kupimwa katika miji ya Afrika Mashariki, chache zimeota mizizi kama ile isemayo kwamba umeme ni wa taa, televisheni na kuchaji simu, na kwamba anayeupeleka jikoni anachoma fedha. Kauli hiyo hutolewa na mwenye nyumba anapompa mpangaji mpya masharti ya kuishi uani kwake, hutolewa na baba wa familia aonapo tarakimu za Luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, zikishuka, na hutolewa pia, kwa lugha ya kitaalamu zaidi, na watunga sera ambao wakitamka maneno “nishati safi ya kupikia” huwa wamekwisha kuuona akilini mtungi wa gesi. Makala haya yanaipinga kauli hiyo. Yanashikilia kwamba ilikuwa na ukweli ilipohusu kifaa kimoja, yaani jiko la koili, na kwamba ukweli huo mdogo umetanuliwa ukavishwa vifaa vyote vya umeme, kikiwemo kile ambacho kwa hesabu ya haki ndicho njia nafuu kuliko zote za kuivisha vyakula vigumu: sufuria ya presha ya umeme, ambayo wengi huiita presha kuka.

Nguvu ya imani hiyo inapimika. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kaya zilizotumia umeme wa gridi kwa mwanga zilikuwa zimefikia asilimia 50.4, ilhali zilizoutegemea umeme kama nishati yao kuu ya kupikia zilikuwa asilimia 0.9 tu, kuni zilishika asilimia 55.1, gesi asilimia 23.9 na mkaa asilimia 11.6. Yaani nusu ya kaya za nchi hiyo zilikuwa na waya ukutani, lakini hata kaya moja katika kila mia haikuufanya waya huo kuwa mhimili wa jiko lake. Wapo wanaosema kwamba pengo hilo ni umaskini mtupu, na jibu hilo lina uzito kwa kaya zinazookota kuni, ila halielezi chochote kuhusu kaya zaidi ya moja katika kila tano zilizokwisha kumudu mtungi wa gesi, jiko lake na mpira wake. Kaya hizo hazikukosa uwezo wa kununua sufuria ya umeme. Zilikuwa zimeambiwa, na zikaamini, kwamba sufuria hiyo ingezifilisi.

Imani hiyo ilizaliwa na uzoefu halisi, na haifai kuwadharau walioipata. Kifaa cha kwanza cha umeme kuingia katika majiko mengi ya mijini kilikuwa jiko la koili, lile lenye waya uliojikunja kama nyoka ndani ya tofali au ndani ya bomba la chuma, ambao huwa mwekundu ukiwashwa na kumwaga joto lake pande zote: juu kwenye sufuria, chini kwenye meza, na pembeni hewani. Umeme huuzwa kwa uniti, na uniti moja ni kiasi kinachotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kikiwaka kwa saa moja mfululizo. Hivyo jiko la koili la wati 1,000 likichemsha maharage kwa saa mbili humeza uniti 2, na maharage makavu ya mwaka uliopita hayakawii kudai saa ya tatu. Mteja wa kawaida wa nyumbani nchini Tanzania, anayetozwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na takriban shilingi 356 baada ya kodi na tozo, hulipa basi zaidi ya shilingi 700 kwa chungu kimoja cha maharage, na akizoea kupika hivyo kila siku atakuwa na haki ya kulalamika. Kosa halikuwa katika malalamiko. Kosa lilikuwa katika hitimisho, kwa kuwa mtu aliyelalamikia gari moja bovu akihitimisha kwamba petroli haifai kwa usafiri hakuna ambaye angemsikiliza, ila jikoni hitimisho la namna hiyo limepita bila kuulizwa.

Linalopaswa kuulizwa ni hili: chungu cha maharage kinahitaji joto kiasi gani, na kiasi gani kati ya joto linalonunuliwa huishia kwingine? Kuipasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 za Selsiasi hadi nyuzi 100 huhitaji takriban uniti 0.09 tu. Lakini kuigeuza lita hiyohiyo yote kuwa mvuke, bila kuongeza hata nyuzi moja ya joto, huhitaji takriban uniti 0.63, yaani mara saba ya zile zilizoichemsha. Jambo hili ndilo ufunguo wa mjadala mzima, na ndilo lisilosemwa. Maji yanayotokota kwa kishindo hayana moto zaidi ya maji yanayotokota polepole. Yote yako katika nyuzi zilezile, na harage halina namna ya kujua kwamba mpishi ameongeza moto. Kinachoongezeka ni mvuke, na mvuke unaopanda darini ndio sehemu kubwa ya nishati iliyolipiwa. Mpishi anayemimina maji ya moto mara tatu ndani ya chungu kimoja cha makande kwa sababu yamekaukia amekwisha kulipa gharama ya kuyafukuza maji ya kwanza na ya pili kabla chakula hakijaiva.

Wapishi wa zamani walilijua jambo hili bila kulipa jina la kisayansi. Mwanamke wa pwani anayeupalia wali wake makaa machache juu ya kifuniko, baada ya kuupunguzia moto wa chini, anatumia joto lililokwisha kuingia ndani ya sufuria badala ya kuendelea kununua jingine. Kikapu kilichoshindiliwa pamba, nguo kuukuu au majani makavu, ambacho sufuria iliyochemka huingizwa na kufunikwa hadi chakula kiive chenyewe, hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, na bado kinatumika katika kaya kadhaa za Kenya na Tanzania. Kwa hiyo sufuria ya presha ya umeme haikuleta maarifa mageni katika upishi wa Waswahili na majirani zao. Imeyakusanya maarifa mawili ya kale, kuziba na kuhifadhi, ndani ya chombo kimoja.

Upande wa kuziba una historia ndefu. Denis Papin, Mfaransa aliyefanya kazi London, alitengeneza mwaka 1679 chungu cha chuma chenye kifuniko kilichokazwa, ambacho mvuke ulipozuiwa kutoka ulipandisha kani ndani yake, na kani hiyo, ambayo ndiyo presha, iliyapandisha maji juu ya nyuzi 100 kabla hayajachemka, hata mifupa ikalainika. Sufuria za presha za kuweka juu ya jiko, zile zinazopiga filimbi, ni wajukuu wa chungu hicho. Upande wa umeme ni mchanga zaidi. Hataza ya sufuria ya presha inayojiendesha kwa umeme iliombwa China mwaka 1991, na kilichoongezwa humo ni vitu viwili. Cha kwanza ni koti la kuhifadhi joto linaloizunguka sufuria, ili mkono wa mtu uweze kugusa ubavu wa nje wakati ndani mna nyuzi zinazokaribia 115. Cha pili ni kidhibiti, yaani kifaa kidogo kinachopima joto na presha na kuukata umeme mara kiwango kinapofikiwa, kisha kuurudisha kwa muda mfupi pindi joto linaposhuka. Mtu anayeiona taa ya sufuria hiyo ikiwaka kwa dakika arobaini hudhani umeme unaliwa kwa dakika arobaini, kama ilivyo kwa koili. Hauliwi. Baada ya dakika ishirini hivi za mwanzo, ambamo maji hupashwa hadi presha ikamilike, sufuria huivisha karibu yote kwa joto ililolihifadhi.

Hesabu yake si ngumu, na kila mwenye kalamu anaweza kuirudia. Nusu kilo ya maharage pamoja na maji yake huwa sawa na lita 3 hivi za kupashwa. Kuzitoa nyuzi 25 na kuzifikisha nyuzi 115 huhitaji takriban uniti 0.31, na ukiongeza chuma cha sufuria chenyewe pamoja na joto dogo linalovuja hadi chakula kiive, jumla hukaribia uniti 0.4. Kwa bei ya shilingi 356 hiyo ni shilingi 142. Kwa mteja mdogo aliye katika daraja la D1, ambaye hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na takriban 122 baada ya kodi na tozo, ni shilingi 49. Umeme ni uleule, Luku ni ileile na maharage ni yaleyale yaliyogharimu zaidi ya 700 juu ya koili. Ndiyo maana bei ya uniti, ambayo ndiyo pekee inayojadiliwa vijiweni, haitoshi kumwambia mtu kama kupika kwa umeme ni ghali au rahisi. Analopaswa kulijua ni bei ya chungu kilichoiva.

Mkaa nao upimwe kwa kipimo hichohicho. Kilo moja ya mkaa mzuri ina nishati inayokaribia uniti 8, lakini jiko la bati la kawaida hufikisha ndani ya sufuria sehemu isiyozidi sana asilimia 15 hadi 20 ya nishati hiyo, na iliyobaki hupasha uani. Chungu kilicho wazi kinachopoteza lita moja na nusu kwa mvuke hadi maharage yaive huhitaji joto la uniti 1.2 hivi, kwa hiyo huondoka na karibu kilo nzima ya mkaa, bila kuhesabu makaa yanayoendelea kuteketea baada ya sufuria kuipuliwa. Hakuna soko la Dar es Salaam ambamo kilo ya mkaa huuzwa shilingi 142, sembuse 49. Na kabla ya kilo hiyo kufika sokoni, tanuri la udongo la msituni lilikwisha kula kilo sita, nane, wakati mwingine kumi za mti, kwa kuwa uchomaji wa kienyeji hupoteza sehemu kubwa ya kuni unazozigeuza. Ni kweli kwamba kilimo kina sehemu kubwa katika kufyeka misitu, na si haki kuubebesha mkaa dhambi yote. Lakini sehemu ya mkaa inatosha kumtia wasiwasi yeyote aliyeiona barabara ya Morogoro au ya Kilwa ikiwa na magunia kando yake.

Iwapo tofauti ni kubwa kiasi hicho, mbona haionekani? Hapa ndipo penye kiini cha kijamii cha suala hili, na ndipo wanaotetea kauli ya zamani wanaposhindwa kutazama. Umeme hununuliwa kwa mkupuo, kwa simu, mara nyingi na mtu mmoja ambaye huiona elfu kumi ikiondoka na kuzisoma tarakimu zinazosalia. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa sado, leo jioni na kesho asubuhi, kutoka katika pesa ya matumizi ambayo huachwa mezani na haitolewi hesabu. Mara nyingi anayenunua Luku si anayenunua mkaa, na anayelalamika kwamba jiko linakula umeme si anayepuliza moto. Gharama moja ina kioo chenye tarakimu. Nyingine huyeyuka katika sarafu. Halafu ipo gharama ya tatu isiyoandikwa popote, nayo ni saa za mwanamke au binti anayekaa karibu na chungu akiongeza maji, akichochea, akiangalia kisiungue, na kuvuta moshi ambao si mdogo: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na upishi, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Hesabu ya ughali wa umeme inayoziacha nje saa hizo na mapafu hayo haistahili kuitwa hesabu.

Watetezi wa gesi wana hoja nzito zaidi kuliko watetezi wa mkaa, na wanastahili kujibiwa kwa makini. Gesi ya mitungi haina moshi, huwaka mara moja, na ugali husongwa vizuri juu yake. Kilo yake moja ina nishati ya uniti 12.7 hivi, na jiko lake hufikisha nusu au zaidi kidogo ndani ya sufuria. Ikichukuliwa kwamba mtungi wa kilo 6 unajazwa kwa shilingi 24,000, chungu kilekile cha maharage kilicho wazi kitagharimu karibu shilingi 700. Mpishi makini anayefunika na kupunguza moto anaweza kuipunguza gharama hiyo hadi nusu, na bado atakuwa juu ya 142. Akitumia sufuria ya presha ya filimbi juu ya gesi, tofauti itapungua sana, na haki inataka jambo hilo likubaliwe wazi: sehemu kubwa ya nafuu inayoelezwa hapa hutokana na presha yenyewe. Lakini sufuria ya filimbi humtaka mpishi ahesabu milio na apunguze moto kwa wakati, ilhali ile ya umeme hujihesabia na kujizima, naye mpishi akaenda sokoni au akalala.

Lipo jambo jingine kuhusu gesi ambalo Watanzania wengi hawajaelezwa vya kutosha. Gesi asilia ya Songo Songo, iliyoanza kuzalisha umeme mwaka 2004, na ile ya Mnazi Bay, Mtwara, iliyounganishwa na Dar es Salaam kwa bomba lililokamilika mwaka 2015, si gesi iliyomo ndani ya mitungi. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, ambayo haigeuki kimiminika kwa presha ya kawaida ya mtungi. Gesi ya mitungi ni propani na butani, nayo huletwa kwa meli kutoka ng’ambo na kulipiwa kwa dola. Ukiacha nyumba chache zilizounganishwa na mabomba, njia kuu ambayo gesi ya Mtwara huingilia katika jiko la Mtanzania ni waya wa umeme. Anayesema kwamba mtungi ndio ukombozi wa jiko, na huku nchi ina gesi yake, na ina Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115, anaupendekeza uagizaji badala ya mali iliyopo.

Dai la ladha hutolewa kwa hisia kali, na lina upande wake wa kweli. Maharage yaliyokaa saa tatu juu ya mkaa hupata uzito wa mchuzi unaotokana na maji kupungua, na moshi huacha harufu yake. Lakini uzito huo hupatikana kwa dakika kumi za mwisho, kifuniko kikiwa wazi, sufuria ikiwa katika hali ya kukaanga, ambapo tui zito la nazi huongezwa kama kawaida. Na kwa wakazi wa nyanda za juu dai hilo hugeuka kinyume kabisa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Mbeya vivyo hivyo, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kiasi kwamba maji hutokota yakiwa kwenye nyuzi 94 tu. Huko ndiko githeri na makande hukataa kulainika, na ndiko kijiko cha magadi hutupwa chunguni ili kulainisha punje, magadi ambayo huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni ikizidishwa. Presha huondoa hitaji la magadi kabisa. Pweza wa Mombasa na Unguja, ambaye hupigwapigwa kwenye mawe kabla ya kupikwa, makongoro, utumbo, mbaazi za kuliwa na mahamri, njugu mawe: hivi ndivyo vyakula vilivyomtesa mpishi kwa vizazi, na hivi ndivyo ambavyo sufuria hii huvimudu kuliko chombo chochote kingine. Ugali hauwezi, maana ugali husongwa na mwiko, na sufuria nyepesi inayozunguka juu ya kiti chake haikuumbwa kwa kazi hiyo. Chapati haziwezi. Wanaodai kwamba chombo hiki kitafuta majiko mengine yote wanaidhuru hoja yao wenyewe. Kaya nyingi zitabaki na jiko la pili, na hapana aibu katika kuwa na majiko mawili, kwani ni wachache waliowahi kuwa na moja.

Kuhusu hofu ya kulipuka maneno machache yanatosha. Sufuria ya presha ya umeme iliyotengenezwa kwa viwango haifunguki kifuniko chake wakati presha ingali ndani, kwa sababu pini inayoinuliwa na mvuke hukifunga. Ina vali ya kutoa presha ikizidi, na ina fyuzi inayokata umeme joto likipita kiasi. Hatari iliyopo ni ya mvuke wa ghafla unaomchoma mkono mtu anapoiachia vali bila uangalifu, na ya bidhaa hafifu zisizo na alama ya ubora, na hatari hiyo ya pili ni kazi ya mashirika ya viwango kuizuia bandarini.

Hoja ya kukatika kwa umeme ina uzito wake. Gridi za ukanda huu hukatika, na mitaa mingi ina umeme mdogo jioni kwa sababu transfoma imeelemewa. Ila hoja hii husahau kwamba kati ya vifaa vyote vya umeme vya jikoni, hiki ndicho kinachostahimili zaidi: umeme ukikatika baada ya presha kupanda, maharage huendelea kuiva kwa joto lililozibwa, wakati koili hupoa palepale. Na sufuria hii haidai umeme saa moja usiku, kilele cha mahitaji. Maharage ya jioni yanaweza kupikwa saa nne asubuhi na kupashwa baadaye. Wanaotabiri kwamba gridi itaanguka wakipika watu wengi wanakumbuka mgawo wa umeme wa Tanzania wa mwanzoni mwa 2024 na kusahau kilichofuata mwaka huohuo, pale mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, ilipoanza kuzalisha na mvua zikawa nyingi hadi baadhi ya mitambo mingine ikazimwa kwa kukosa wa kuutumia umeme wake. Shirika lenye umeme wa ziada linahitaji wateja kuliko linavyohitaji maonyo.

Baada ya hoja hizi kuondolewa, vizuizi vya kweli hubaki, navyo havifanani na vile vinavyotajwa. Cha kwanza ni bei ya kifaa. Sufuria hii hugharimu fedha ya mara moja ambayo mwenye genge au dereva wa bodaboda hana, wakati mkaa humruhusu kununua wa leo peke yake. Asasi ya TaTEDO ya Dar es Salaam, ambayo kwa miaka mingi imeshughulikia nishati ya majumbani, imefanya majaribio ya kutosha kuonyesha kwamba wapishi wakikipata chombo hiki hawakiachi. Kilichokosekana kwa wengi ni mkopo unaolipwa kidogo kidogo, kwa kiwango cha ile fedha ya kopo, pengine kupitia ununuzi wa Luku yenyewe.

Kizuizi cha pili ni nyumba ya kupanga. Katika ua wenye vyumba sita na Luku moja, wapangaji huchangia umeme kwa kichwa au kwa idadi ya vifaa, na mwenye sufuria ya presha hutozwa sawa na mwenye pasi au koili, au hukatazwa kabisa, kwa kuwa jirani huona kifaa chenye maandishi ya wati 1,000 na kukifikiria kuwa kinawaka mchana kutwa. Hapa kauli ya zamani ina meno: haibaki kuwa wazo, huwa sharti la mkataba. Mita ndogo ya kila chumba, ambayo fundi wa kawaida huweza kuifunga, ingeumaliza ugomvi huo katika mwezi mmoja, na ni ajabu kwamba kampeni za nishati safi zinazowafikia wananchi viwanjani na redioni haziwafikii wenye nyumba.

Cha tatu ni muundo wa bei. Mteja wa D1 hubaki katika nafuu yake akitumia hadi uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hutozwa shilingi 350 kila moja kabla ya kodi, na anayezidi mara kwa mara huondolewa katika daraja hilo. Kaya inayotumia uniti 40 kwa taa, televisheni na simu inaweza kuongeza uniti 1 kila siku ya kupikia, ambayo ni zaidi ya vyungu viwili vya maharage kwa siku, na bado ikabaki ndani ya 75. Lakini kaya yenye friji ndogo haiwezi, na hivyo nafuu iliyokusudiwa kumsaidia maskini humwadhibu pale tu anapojaribu kuachana na mkaa. Uganda imelitambua tatizo hili, na katika orodha yake ya bei imeweka kiwango cha kupikia, ambacho kwacho uniti zinazovuka 80 kwa mwezi hadi 150 hutozwa pungufu ya bei ya kawaida, ili mtu akipika zaidi alipe kidogo kwa kila uniti. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, uliozinduliwa Mei 2024 ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wakipika kwa nishati hiyo ifikapo 2034, unautaja umeme pamoja na gesi. Kinachokosekana ni bei inayoendana na maneno hayo. Ruzuku imeelekezwa kwenye mitungi ya kilo 6, na mtungi ukiisha mpokeaji hurudi dukani kununua gesi kwa bei kamili, au hurudi kwa muuza mkaa. Ni uamuzi mbaya, na bado haujachelewa kurekebishwa: EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati, inao uwezo wa kisheria wa kupitisha kiwango cha kupikia, na TANESCO, shirika la umeme la nchi, inao umeme.

Msomaji ambaye bado anashuku hana haja ya kuziamini hesabu zilizomo humu. Mita iko ukutani. Aazime presha kuka ya jirani kwa siku moja, aandike tarakimu za Luku kabla ya kuichomeka na azisome tena maharage yakiiva, taa na vifaa vingine vikiwa vimezimwa, kisha azidishe tofauti hiyo kwa bei anayolipa, na aiweke kando ya bei ya kopo la mkaa alilonunua jana.